Kikombe Kisichoonjwa

Sehemu ya Tisa

"Shikamoo, baba."

Mzee Telesfori hakuitikia.

Hapo ndipo tulipomwacha Joyceline wiki iliyopita: mlangoni pa ghala lake la mvinyo wa ndizi, Murusagamba, funguo mkononi, na mbele yake wakulima kumi na wanne ambao wamekuwa wakimletea ndizi tangu mwaka juzi. Leo hawakuleta ndizi. Walileta karatasi moja.

Na mtu asiyeitikia shikamoo, msomaji wangu, hajaja kwa heri.

"Itazame," Telesfori alisema, akamsogezea karatasi hadi puani. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na huyu?"

"Mzee Luhende."

"Marehemu Luhende!" sauti ilidakia nyuma. Huyo ni Consolatha, mama ambaye akinong'ona Murusagamba, Burundi wanasikia. "Sema marehemu! Au unaona aibu?"

Ilikuwa picha ya rangi, ukurasa wa kwanza wa tovuti ya Joyceline, umetolewa kwenye printa. Joyceline amevaa aproni nyeupe, anacheka, anampa mzee Luhende bilauri ya mvinyo. Mzee, kofia yake ya pama kichwani, amenyoosha mikono miwili kupokea. Juu yao pameandikwa kwa herufi kubwa: KARIBU UONJE.

Siku kumi na mbili baada ya picha hiyo kupigwa, Luhende alipanda kitandani akiwa mzima. Asubuhi hakuamka.

"Hii bilauri imejaa mpaka ukingoni," Telesfori alisema. "Nani ameionja?"

Joyceline alijua anaulizwa nini.

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali na Ngara: huku kwetu mtu hampi mwenzake kinywaji kabla hajakigusa kwa mdomo wake mwenyewe. Anayetoa ndiye anayeanza. Ndivyo anavyosema, bila maneno, kwamba ndani hamna sumu. Asiyeonja ana jina lake, jina la mtu anayeua wenzake kwa sumu, na jina hilo likikupata hutauza tena hata chumvi.

Consolatha alilitamka. "Mrozi."

"Nilionja!" Joyceline alipaza sauti. "Nilianza mimi, ndipo nikajaza upya nikampa! Mlikuwepo wote! Wewe Consolatha si ulikunywa vikombe vitano hapa hapa?"

"Nilikuja kunywa. Sikuja kuulinda mdomo wako."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kile cha watu walioshika fimbo.

"Picha zilikuwa mbili," Joyceline alisema. "Moja ninaonja, moja ninampa mzee. Mbona mmeleta moja?"

"Mimi nimechapa kilichoko mtandaoni, basi," alijibu mwanamume aliyeegemea pikipiki. Alikuwa Pancras, mwenye ofisi ya kompyuta mjini Ngara, yule aliyeiomba kazi ya tovuti hii akanyimwa. "Dunia nzima inaiona picha hiyo hiyo. Hata Wachina."

"Nani alikutengenezea?"

Aliyeuliza alikuwa Shibuda, mtoto wa kwanza wa Luhende. Alikuwa hajasema neno tangu wafike. Fimbo yake ya kuchungia ilikuwa mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake, na macho mekundu.

"Fideli," Joyceline alijibu. "Fideli Nshimiyimana."

"Wa Lukole?" Pancras alipiga paja. "Jamani! Sisi wenye leseni tupo, yeye kaenda kuokota fundi kambini! Mkimbizi!"

Joyceline hakuwa ameokota. Tovuti aliyoanza nayo ilikuwa ya bure, imetengenezwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu: zabibu juu, zabibu chini, na ngome ya mawe ambayo hakuna mtu wa Murusagamba aliyewahi kuiona hata ndotoni. Pancras alitaka kuiacha hivyo hivyo, abadilishe jina tu. Fideli aling'oa zabibu zote. Aliweka migomba. Aliihamisha blogu kutoka uvunguni mwa tovuti akaileta mbele, na kila wiki Joyceline akaandika humo habari za mkulima mmoja, shamba lake, na watoto anaowasomesha kwa ndizi. Hata Consolatha aliandikwa, na aliutembeza ukurasa huo sokoni wiki nzima.

Ni blogu hiyo iliyosomwa na mwenye hoteli moja ya Kampala. Jumamosi alikuwa anakuja na gari lake kuona kazi ikifanyika na kuweka oda ya mwaka mzima.

Leo ni Alhamisi.

"Ndizi zetu zinaivia shimoni siku ya tano," Telesfori alisema. "Kesho ni kukamua. Basi kesho, kabla ya saa saba mchana, tuletee hiyo picha unayoonja. Usipoileta tunafukua. Kila mtu atabeba zake, na wewe utabeba zako uondoke Murusagamba."

"Nyie mtabeba ndizi," Shibuda alisema polepole. "Mimi sijaja kwa ajili ya ndizi."

*

Joyceline alipanda pikapu ya maharage na kufika Lukole jua likiwa utosini.

Mwaka huu wa 2007 soko la kambi limegeuka. Zamani watu walikuja kununua mafuta na unga. Sasa wanakuja kununua nyumba vipande vipande, kwa kuwa malori ya kuwarudisha wakimbizi yanaondoka kila wiki. Fideli alikuwa amechuchumaa kando ya njia, bisibisi mkononi, akimfungulia mama mmoja bawaba za mlango aliomuuzia. Ulikuwa mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Kwa nini uliiweka ile picha?"

"Habari za safari, dada."

"Usiniite dada! Wananiita mrozi, Fideli! Luhende amekufa, na dunia inaniona nikimpa kikombe kisichoonjwa. Wewe ni Mrundi. Hao wa Kampala wanaweza wasijue. Wewe umenyonya hayo kwa mama yako. Ulifanya makusudi?"

Fideli aliweka skrubu chini, moja baada ya nyingine.

"Rudia. Yule muuza dagaa hajasikia."

"Ulifanya makusudi!"

Aliingia ndani kupitia pale palipokuwa na mlango. Alitoka na lebo ya chupa ya mvinyo, iliyoandikwa kwa nyuma.

"Mwandiko huu unaujua?"

Joyceline aliusoma, na kila neno lilimrudi kama kofi. *Fideli, mnunuzi wa Kampala anasema picha ninapokunywa si safi, ni kama ninawauzia wateja mate yangu. Iondoe. Ibaki ile ya mzee peke yake. Fanya leo. J.*

"Nilikuwa nimeziweka zote mbili," Fideli alisema. "Ya kuonja juu, ya mzee chini yake. Barua yako ilipofika nilimrudisha dereva aliyeileta na jibu. Nilikwambia nyumbani hawataelewa. Ukanijibuje?"

Joyceline aliigeuzageuza lebo mkononi.

"Sema. Si una mdomo leo?"

"Nilisema tovuti ni ya wateja," alijibu kwa sauti ndogo. "Si ya wakulima."

"Ehe."

Hapo, msomaji, ningependa kukuambia kwamba Joyceline aliomba radhi. Ningependa sana. Lakini mwenye hofu haombi radhi. Anatafuta wa kumtupia mzigo.

"Basi twende ukawaambie ni wewe," alisema. "Useme ulikosea. Wewe unaondoka, Fideli. Lori lako likija utakuwa ng'ambo, hakuna atakayekufuata. Mimi ninabaki pale."

Fideli aliinama kuziokota skrubu zake.

"Kwa hiyo mrozi niwe mimi."

"Wewe si wa hapa."

"Kweli. Mwaka wa kumi na nne huu, mimi si wa hapa."

Mama aliyenunua mlango alikohoa. Aliuchukua mlango wake, akajitwisha, akaenda zake haraka.

"Picha iko wapi?" Joyceline aliuliza baadaye, sauti imeshuka.

"Kamera ilikuwa ya shirika la misaada hapa kambini, na shirika limeshafunga virago. Lakini siku zile nilipokuwa na kibali cha kufika mjini nilizipakia kwenye kompyuta ya Pancras, ile ya dirishani. Sikuzifuta."

"Pancras ataapa kwamba hazipo."

"Ndiyo maana nitakwenda mimi. Ninajua nilipoziweka."

"Kibali chako?"

"Kinaniruhusu kilomita nne."

"Ngara ni mbali kuliko hapo. Wakikukamata je?"

Fideli aliifuta bisibisi kwenye suruali.

"Leo ndiyo unauliza?"

*

Pancras alikuwa ametangulia kufika kwa pikipiki yake. Alikuwa ameketi ofisini, miguu juu ya meza, soda mkononi.

"Karibuni, karibuni! Na mgeni wetu wa kimataifa amekuja matembezi!"

Joyceline alikuwa amejiandaa kupigana. Njia nzima alikuwa akipanga matusi kichwani, na yeye si mtu wa matusi. Lakini Pancras alivuta kiti mwenyewe, akakipangusa.

"Kompyuta hiyo hapo. Tafuteni mnachotaka. Nani amewakataza?"

Fideli aliipata picha chini ya dakika tano. Akaifungua, na Joyceline akajiona mwenyewe kwenye kioo: aproni nyeupe, bilauri mdomoni, koo limeinuka akimeza. Alionja! Machozi yalimtoka kabla hajayakataza.

"Chapa," alisema. "Chapa kubwa."

Printa ilikoroma. Pancras aliichomoa karatasi, akaitazama, akamkabidhi kwa mikono miwili kama padri anayetoa cheti.

"Nikulipe nini?"

"Hakuna kitu. Zawadi."

"Zawadi? Kutoka kwako?"

"Mimi ni mtu mbaya, Joyceline? Nenda kajisafishe jina." Alikwishakuwa na simu sikioni. "Haloo, afande? Ninaye mkimbizi ofisini kwangu, ametoka kambini bila kibali. Ndiyo, Lukole. Yupo, hakimbii."

"Pancras!"

"Nini? Sheria niliitunga mimi?"

Vijana wawili wa gereji ya jirani walikuwa wameshasimama mlangoni, wamekunja mikono. Waliitwa saa ngapi, Joyceline hakujua.

"Mwachie aende. Amenisaidia mimi, hajakukosea wewe!"

"Alininyang'anya kazi." Pancras hakucheka tena. "Kambini kwenyewe wanapewa mahindi, wanapewa mafuta, wanapewa kompyuta za kujifunzia. Mimi nilikopa kuzinunua hizi. Halafu unakwenda kumpa yeye. Sasa sikiliza. Kampala watakuja Jumamosi, na ndizi za Murusagamba lazima zinunuliwe na mtu. Mimi pia nimekodi ghala. Wewe una picha yako. Pikapu ya mwisho inaondoka. Utaiwahi, au utabaki hapa kumlilia?"

Joyceline alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Fideli hakugeuza kichwa. Alikuwa anazima kompyuta taratibu, kama alivyofundishwa.

"Nenda," alisema. "Si ndivyo ulivyopanga? Mimi nibaki na kosa?"

Akaenda.

*

Pikapu iliharibika gurudumu njiani, wakalala kwa watu. Asubuhi ya Ijumaa Joyceline alikaa mbele, kando ya dereva, na kwa mara ya kwanza akaikunjua picha juani.

Alijitazama. Akatabasamu. Akatazama kilichokuwa nyuma yake pichani.

Tabasamu likamfia mdomoni.

Nyuma, kwenye benchi la ukutani, mzee Luhende ameketi akisubiri zamu yake ya kupigwa picha. Kofia ni ile ile. Na mbele yake ameinama mtu anayempa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili. Kibuyu kimefunikwa povu zima, halijaguswa. Mtu huyo ni Telesfori.

Sasa akaelewa zawadi ya Pancras.

Nani Murusagamba asiyeijua kesi ya Telesfori na Luhende? Ng'ombe wa Luhende waliingia shambani kwa Telesfori usiku wa mvua wakaangusha migomba mia. Serikali ya kijiji iliamua, wazee wakapatanisha, na rubisi ya siku ile ilikuwa ya kwanza wao kunywa pamoja baada ya miaka miwili ya kutosalimiana. Kibuyu cha amani. Lakini picha haijui amani. Picha inajua mikono na povu.

Na baadaye Luhende akafa.

"Alionja," Joyceline alijiambia. "Lazima alionja. Akainua tena, akajaza, kama mimi."

"Unasemaje, dada?" dereva aliuliza.

"Hakuna."

Telesfori ndiye aliyempa kiwanja cha ghala baba yake alipofariki, akawaambia watu waliokuwa wakinung'unika, "Huyu ni mtoto, mwacheni ajaribu." Jana hakumwitikia shikamoo. Leo saa saba anaweza kumfukuza. Na yeye, Joyceline, ameshika karatasi ambayo akiionyesha anapona, na mzee wa miaka sabini anabaki na jina la mrozi.

Jana alikuwa radhi kumvika jina hilo Fideli. Alimwacha mlangoni kwa Pancras bila hata kusema asante.

Aliikunja picha mara nne. Akaiingiza ndani ya blauzi.

*

Wakulima walikuwa wamelizunguka shimo, majembe mikononi. Majani ya mgomba yaliyolifunika yalikuwa yameanza kutoa harufu tamu ya ndizi zilizoiva. Saa ya simu ya Joyceline ilionyesha saa sita na nusu.

"Picha," Telesfori alisema.

Joyceline alimtazama mzee usoni. Mikunjo, meno machache, kola ya shati iliyofuliwa mpaka ikachoka.

"Sikuipata, baba."

"Nini?"

"Haipo. Imefutwa."

Kelele zilizolipuka zilifukuza kuku. "Si tulisema!" "Mrozi!" "Atoke!" Consolatha alirusha ganda la ndizi, likampata begani. Mwingine alirusha donge la udongo.

Telesfori aliinua mkono, wakanyamaza.

"Nilitaka ulete," alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. "Usiku nilimwomba Mungu ulete. Nilisema, mtoto wa rafiki yangu hawezi. Sasa umenitia aibu mimi niliyekuleta katikati ya watu hawa." Alitema mate chini, karibu na miguu ya Joyceline. "Mrozi."

Akainua jembe, akalishusha yeye wa kwanza. Majani yalichanika.

Joyceline hakusogea. Machozi yalimshuka, lakini mdomo aliufunga. Jembe la pili lilishuka. La tatu.

"Acheni."

Shibuda alikuwa amepenya katikati. Hakuwa na fimbo leo. Alikuwa na bahasha ya kaki.

"Pancras ameniletea hii alfajiri kwa pikipiki," alisema. "Amesema Joyceline anayo moja kama hii, tangu jana. Amesema nisubiri nione kama ataitoa."

Alichomoa karatasi. Alimkazia macho Joyceline.

"Kumbe ulionja. Hii hapa. Umeonja mbele ya watu wote. Kwa nini unakubali kutukanwa na ushahidi umeuficha kifuani? Unamficha nani?"

"Shibuda, kaka, tafadhali. Picha inaweza..."

"Nilimtazama baba yangu tu usiku kucha kabla ya kumzika," Shibuda alisema. "Leo asubuhi nimemwona tena humu. Halafu nikamwona aliyeko mbele yake."

Akageuka. Hakupaza sauti.

"Mzee Telesfori. Hapa nyuma, kwenye benchi. Unampa baba nini?"

Jembe lilianguka. Hakuna aliyeliokota. Wakulima waliosimama karibu na Telesfori walipiga hatua moja nyuma, kisha nyingine, mpaka mzee akabaki peke yake ukingoni mwa shimo. Hata Consolatha alirudi nyuma.

"Ilikuwa rubisi ya kupatana," Telesfori alisema. "Nilionja. Wallahi... Mungu anaona, nilianza mimi."

"Nani mwingine ameona?"

Mzee alitazama huku na huku. Uso baada ya uso ulimkwepa. Mwisho macho yake yalimfikia Joyceline.

"Joyceline. Mwanangu. Ulikuwa hatua mbili kutoka pale. Waambie nilionja. Waambie, mwanangu."

Watu wote wakamgeukia.

Shibuda aliinua picha juu ya vichwa ili kila mtu aone: povu la kibuyu, mikono miwili ya mzee, kofia ya pama. Na mbele kabisa, bilauri mdomoni, Joyceline mwenyewe, ameligeuzia benchi mgongo, amefumba macho.